Mwanafunzi kafiwa katikati ya muhula: siku za nyongeza zihesabiweje, na nani aidhinishe?

Mwalimu_wa_Njiro

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha chuo hapa Arusha, somo la krediti 9, darasa la wanafunzi 140. CA (alama za kazi za muhula, kabla ya mtihani wa mwisho) ni alama 40: testi mbili za 10 kila moja, asaimenti ya 15, na kazi ya kikundi ya 5. Tupo wiki ya 9 kati ya 15. Asaimenti ilitolewa kwa siku 14 na inakusanywa Ijumaa ya wiki ijayo. Testi ya pili ni wiki ya 11.

Mezani nina maombi manne. Wa kwanza kafiwa na baba mdogo wake, msiba uko Rombo. Wa pili kafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo na daktari kampa wiki tatu za kupumzika. Wa tatu kaibiwa laptopu chumbani kwake Sakina, na kazi ilikuwa humo humo. Wa nne bumu (posho ya mkopo) halijaingia, kodi imemshinda, sasa analala kwa rafiki yake.

Kanuni za mitihani za chuo zinasema tu "sababu ya msingi" na kwamba maombi yapitie kwa mkuu wa idara. Idadi ya siku hakuna. Sitaki kumwongezea mzigo aliyefiwa, na sitaki kuwaonea wale 136 wanaokesha kumaliza kwa wakati. Naomba mnisaidie: siku ngapi kwa kila mmoja, karatasi gani nidai, na ni wakati gani jambo linatoka mikononi mwangu?

Dawati_la_Mitihani (Moshi)

Mwalimu, anza na kalenda kabla ya huruma. Muulize mkuu wa idara ni siku gani alama za CA zinabandikwa wanafunzi wazikague. Kwenye muhula wa wiki 15 mara nyingi ni wiki ya 14. Toa siku 4 za kusahihisha na kuingiza alama kwenye mfumo. Siku inayobaki ndiyo ukuta wako. Ndani yake una uwezo wa kuongeza muda kwa baraka za mkuu wa idara. Nje yake hata ukiandika barua kumi huna mamlaka, hapo ni kamati ya mitihani ya kitivo.

Sasa siku. Usikisie. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, kwa hiyo somo lako ni saa 90. Asaimenti yenye alama 15 kati ya 100 inastahili kama saa 13 na nusu. Mtu anayeweza kukaa saa tatu kila jioni ataimaliza kwa siku tano. Hicho ndicho kiwango cha chini: mwanafunzi ambaye hakuwa ameigusa kabisa asipewe pungufu ya siku tano kamili za kufanya kazi. Baada ya hapo tumia kanuni rahisi: mrudishie siku alizopoteza ndani ya zile 14, ongeza 2 za kujipanga.

Wa Rombo: mwili ukitoka Dar es Salaam, vikao vya familia, kuzika, kuanua matanga, hesabu siku 5 hadi 7. Aliyepoteza 6 mpe 8. Asiyelazimika kusubiri mwili hupoteza chache, na Mwislamu huenda akazika siku hiyo hiyo, ila msiba wenyewe una siku zake tatu nyumbani. Usiwapime wote kwa kipimo cha msiba unaoujua wewe.

Wa laptopu: siku 4 au 5, na pale unampa pia kompyuta. Siku bila chombo hazimsaidii kitu. Muulize alikuwa amefika wapi, maana mara nyingi rasimu ya zamani ipo kwenye barua pepe au kwenye simu ya mwenzake wa kikundi.

Huyu wa upasuaji ndiye anayehitaji hesabu makini. Wiki tatu zinamtoa hadi wiki ya 12. Tuseme somo lako lina saa 3 kwa wiki, jumla 45. Vyuo vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75, maana yake anaruhusiwa kukosa saa 11 tu. Wiki tatu ni saa 9. Bado yumo, lakini akikosa wiki moja zaidi anafika 12 na anapoteza sifa ya kuingia kwenye mtihani. Kwa hiyo barua ya daktari iingie kwenye rejesta ya mahudhurio leo, sio mwisho wa muhula. Asaimenti akusanye wiki ya 13. Testi ya pili atungiwe nyingine ya uzito ule ule, maswali tofauti, na iidhinishwe na mkuu wa idara kabla hajaifanya. Usimpe ile ile. Kufikia wiki ya 12 karatasi ya wiki ya 11 imeshazunguka hosteli zote.

Kitu kimoja usifanye, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kinaumiza wanafunzi wengi kuliko ukali wowote: usimwambie mtu "usijali, utaleta ukirudi". Muda wa mdomo hauna mwisho na hauna shahidi. Siku ya kubandika alama pale kwenye jina lake kuna nafasi tupu, karani anasoma sifuri, CA inashuka chini ya kiwango kinachotakiwa ili aingie mtihani wa mwisho (kama sakafu ni 16 kati ya 40, asaimenti ya 15 ni karibu kiwango chote hicho), na mwalimu aliyesema usijali yuko safarini. Andika tarehe. Hata kama ni mstari mmoja.

Mlezi_wa_Wanafunzi

Mwalimu, shukrani kwa kuuliza mapema. Naongeza upande wa karatasi, maana hapo ndipo watu wema huwa wakatili bila kujua.

Msiba: usidai cheti cha kifo. Cheti kinafuatiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili) baada ya mazishi, na mara nyingi familia inakitafuta pale tu kuna mirathi. Kinachopatikana ndani ya siku mbili ni kibali cha mazishi, tangazo la kifo la hospitali, au barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Kwa Kilimanjaro kuna hata ile ratiba ya mazishi iliyochapwa, yenye picha ya marehemu na saa za ibada. Mojawapo inatosha. Na iletwe akirudi, siyo kabla ya kuondoka. Mtoto asikose basi la alfajiri akitafuta muhuri.

Baba mdogo: ukifuata kanuni nyingi kwa herufi utasoma "mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu wa damu" na utamkatalia. Fungua fomu yake ya kujiunga na chuo. Ina nafasi ya mzazi au mlezi. Kama jina la baba mdogo ndilo lililoandikwa pale, huyo ndiye aliyemlipia ada na kumlea, na kifo chake ni kifo cha mzazi. Kama halipo, muulize kwa upole aliishi na nani tangu shule ya msingi. Mtendaji anaweza kuandika hilo kwenye barua ile ile.

Ugonjwa: unachohitaji kwenye karatasi ya hospitali ni vitu vinne tu. Muhuri, jina na namba ya faili, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza mapumziko. Jina la ugonjwa halikuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo picha za vyeti zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wala CR (kiongozi wa darasa) asiwe mtu wa kuzikusanya. Ziende kwa mlezi wa wanafunzi au mganga wa zahanati ya chuo, naye anakuandikia wewe: "mwanafunzi huyu hakuweza kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi fulani". Hiyo inakutosha kuhesabu siku.

Wizi: namba ya RB (ya taarifa aliyoandikisha) kutoka kituo cha polisi.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Mwanafunzi wako ana masomo mangapi? Kama ni sita, na kila somo lina testi mbili na asaimenti, ni kazi 18 kwa muhula. Akiondoka siku nane anaweza kukuta nne au tano zimepita. Bila utaratibu atasimama kwenye milango sita kueleza kifo kile kile mara sita, kila mwalimu akimpa tarehe yake, na tarehe zote sita zitaangukia Jumatatu moja. Hapo hujamsaidia. Mwandikieni barua moja kupitia kwa mlezi, nakala kwa walimu wote na mkuu wa idara, kisha mratibu wa mwaka akae naye nusu saa kupanga ratiba moja: si zaidi ya kazi mbili kwa wiki, yenye alama nyingi itangulie. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko wiki mbili za nyongeza.

Na kwa wasichana wenye ndoa za Kiislamu: aliyefiwa na mume yuko eda ya miezi minne na siku kumi. Huo ni muhula mzima. Kabla ya kumwelekeza aahirishe, ulizeni ni kazi zipi za CA zinaweza kufanyika kwa maandishi kutoka nyumbani, na muwasikilize yeye na wazee wake kuhusu kutoka kwa ajili ya mtihani. Jibu halifanani kwa kila familia.

Kiongozi_wa_Darasa_3

Shikamooni walimu wangu. Mimi naongea kwa upande wa tunaopeleka ujumbe. Tatizo namba moja ni saa. Tangazo likisema "mwisho Ijumaa saa 6 usiku", nusu ya darasa inaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, nusu inaelewa usiku wa kuamkia Jumamosi. Likisema 12:00 kuna anayesoma saa sita mchana na anayesoma saa kumi na mbili jioni. Tafadhali andikeni: "Ijumaa, saa 11:00 jioni (17:00)". Kwa aliyeko Loliondo au Longido, ambako mtandao unapatikana hadi apande mlimani, mchana ni bora kuliko usiku.

Pia kazi ya kikundi. Mwenzetu akifiwa, walimu wengine wanaliongezea muda kundi zima. Tunashukuru, lakini wengine wanakaa tu. Bora kundi likusanye kwa wakati, aliyefiwa apewe sehemu yake ya kuandika peke yake, kurasa mbili hivi, kuhusu kipande kile ambacho angefanya.

Mwalimu_wa_Njiro

Nashukuru sana, hasa hiyo ya fomu ya kujiunga. Nimeangalia, baba mdogo ndiye mlezi.

Maswali mawili. Kwanza, tunakusanya kwa Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni. Nilipobadilisha tarehe kwa ajili ya huyu mmoja, ikafunguka kwa wote 140. Pili, kuna mwenzangu idarani anasema tuwape wanafunzi wote wiki mbili za nyongeza bila maswali, tumalize maneno. Mnaonaje?

Fundi_Mifumo

Mwalimu, rudisha tarehe ya darasa kama ilivyokuwa, kisha fanya hivi. Ndani ya asaimenti kuna tarehe mbili tofauti. Moja ni ya kukusanya: ikipita, mfumo unaendelea kupokea lakini unaandika "imechelewa". Nyingine ni ya kufunga kabisa: ikipita, mlango umefungwa. Nyongeza ya mtu mmoja haiwekwi kwenye mipangilio ya asaimenti. Fungua orodha ya kazi zilizokusanywa, tafuta jina lake, kwenye menyu iliyo kando ya jina utaona chaguo la kumwongezea muda. Weka tarehe na saa, hifadhi. Ataweza kukusanya hata baada ya tarehe ya kufunga, wengine hawaguswi.

Kwa testi iliyo mtandaoni utaratibu ni mwingine. Huko unaweka mpangilio wa pekee kwa mtumiaji mmoja: siku ya kufungua, siku ya kufunga, dakika za kufanya, na idadi ya majaribio. Angalia dakika. Watu husogeza siku na kusahau kwamba mwanafunzi alishafungua jaribio mara moja umeme ukakatika. Kama majaribio yanayoruhusiwa ni 1, atafika siku mpya akute amezuiwa. Muwekee 2.

Makosa matatu ninayoyaona kila muhula. Saa 00:00: ukichagua Ijumaa 00:00 umefunga usiku wa Alhamisi, weka 23:55 au fuata ushauri wa mchana hapo juu. Majibu: mwalimu anarudisha kazi zilizosahihishwa na mwongozo wa majibu wakati wawili watatu bado wana nyongeza. Zuia majibu yasionekane hadi wa mwisho akusanye, au kama somo ni la hesabu, badilisha takwimu za swali kwa wale wenye nyongeza. Na makato ya kuchelewa: kama chuo kinakata asilimia fulani kwa kila siku, hakikisha hayahesabiwi hadi tarehe mpya ipite. Baada ya hapo yaanze kama kwa mtu mwingine yeyote.

Kuhusu wiki mbili kwa wote: hapana, isipokuwa tatizo lenyewe ni la wote. Nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na mtandao ukayumba nchi nzima, ilikuwa haki kusogeza tarehe ya darasa zima, tena bila mtu kuomba. Vivyo hivyo vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa corona na kufunguliwa tarehe 1 Juni, kalenda ndiyo iliyosogea, hakuna aliyeambiwa alete karatasi. Ila kwa msiba wa mmoja, ukisogeza wote umemnyima yule mmoja nafuu yake: bado yuko nyuma ya wenzake kwa siku zile zile, na wewe umebaki na siku chache za kusahihisha 140.

Dawati_la_Mitihani (Moshi)

Nakubaliana na Fundi. Naongeza: wiki mbili ni nyingi hata kwa mmoja, kama hakuna sababu. Zinasukuma asaimenti hii juu ya testi za masomo mengine, na mwanafunzi aliyechoka anaiacha hadi siku ya mwisho. Nyongeza fupi mbili, ya pili ikitolewa baada ya kuona rasimu, ni salama kuliko moja ndefu.

Fungua daftari dogo, karatasi moja ya safu sita: namba ya usajili, kazi gani, tarehe aliyoomba, aina ya sababu kwa herufi tu (M msiba, A afya, W wizi, U uchumi), tarehe mpya, sahihi ya mkuu wa idara. Siku mkaguzi wa nje wa mitihani akiuliza kwa nini kazi hii ilipokelewa wiki ya 13, unamwonyesha mstari. Na ukiona namba ile ile mara ya tatu, acha kuongeza siku. Hapo tatizo limezidi asaimenti, mpeleke kwa mlezi siku hiyo hiyo, mkiwezekana muongozane.

Sasa mlango wa pili, kwa yule wa upasuaji kama hatapona kwa wakati. Aahirishe mtihani wa mwisho kwa maandishi kabla ya siku ya mtihani. Akiruhusiwa atafanya mtihani maalum, ule wanaouita spesho, na utahesabiwa kama jaribio la kwanza: akipata A inaandikwa A. Akijikaza akaingia mgonjwa, akafeli, anakwenda sapu (mtihani wa marudio), na sapu hata ukipata 90 unaandikiwa C. Akishakaa kwenye kiti, karatasi ya daktari aliyoileta baadaye haina nguvu. Waambieni wanafunzi hili mapema, wengi wanaingia mtihanini na kidonda kibichi wakidhani kuahirisha ni kushindwa.

Mlango wa tatu ni kuahirisha masomo. Muhula mmoja kwenye karatasi mara nyingi ni mwaka mzima kwa vitendo, kwa sababu somo linafundishwa mara moja kwa mwaka. Na kama ana mkopo, chuo lazima kiijulishe Bodi ya Mikopo anapotoka na anaporudi. Barua ya kurudi ikichelewa, anaanza muhula bila bumu.

Masomo ya maabara na karakana yana jambo lake. Kumwongezea mtu siku kumi za ripoti wakati hajafanya jaribio ni kazi bure. Muulize fundi sanifu kwanza mkondo mwingine wa darasa unafanya jaribio hilo lini na kama kuna nafasi benchi moja, ndipo uandike tarehe. Mafunzo kwa vitendo pia: wiki 8 ni siku 40 za kazi, aliyezika siku 6 anaongezewa 6 mwishoni na msimamizi wa pale kazini anasaini kitabu cha kumbukumbu. Siku hazifidiwi kwa insha.

Mwalimu_wa_Njiro

Nimeelewa. Wa Rombo siku 8, wa upasuaji wiki ya 13 pamoja na testi nyingine, wa laptopu siku 5. Amebaki wa bumu. Huyu hana karatasi yoyote ya kuleta.

Mlezi_wa_Wanafunzi

Huyo usimdai karatasi, Mwalimu. Ofisi ya mikopo chuoni inaweza kuona kama fedha zake zimefika au la, waulize wao. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Ikichelewa siku 20 ni laki mbili ambazo hana, na kodi ya chumba haisubiri.

Mpe siku 5, lakini tenganisha mambo mawili. Asaimenti iko kwako. Ada na namba ya malipo viko kwa mhasibu, na hapo kuna haraka kuliko kwako: akae naye wiki hii waandikiane malipo kwa awamu, nakala iende ofisi ya mitihani, la sivyo atakusanya kazi nzuri halafu wiki ya 16 azuiwe mlangoni kwa kukosa kibali cha kuingia mtihani. Mwambie pia aje kwangu kesho kabla ya saa nne asubuhi. Wakati mwingine kuna kitanda hosteli kilichoachwa na aliyeahirisha masomo, na serikali ya wanafunzi huwa ina mfuko mdogo wa dharura unaotosha mlo. Mchana anaweza kutumia kompyuta za maktaba. Ulizia zinafungwa saa ngapi, halafu saa yake ya kukusanya iwe baada ya hapo.